Wembe wa Matanga

Jumanne, 10 Juni 2025
Leo nimempeleka mtani wangu Elieza hospitali, Tabora mjini. Hapa Usoke tuliaga kwamba tunakwenda kuulizia soko la tumbaku. Macho yake yamekuwa manjano kama papai — nimemtania wiki nzima, kumbe mwenzangu anaumwa. Daktari, binti mdogo tu, kasema homa ya ini. Kirusi, kinakaa kwenye damu. Elieza kaduwaa. Yeye mzee wa kanisa, Mmoraviani, pombe hajawahi hata kuinusa! Daktari akanigeukia mimi. Nikamwambia mnywaji ni mimi, lakini nimekuja kusindikiza tu. Wakanipima na mimi. Sina! Nikachanjwa. Dunia hii.

Jumatano, 11 Juni 2025
Mkono wa chanjo unauma. Naandika aliyosema binti nisije nikayasahau. Pombe inaharibu ini, ndiyo (alivyonitazama!). Na karanga zenye kuvu — nzuri tunapeleka sokoni, mbovu tunatwangia mboga ya kwetu. Werevu wetu huo. Kirusi chenyewe hupita kwa damu, kwa mambo ya kitandani, kwa mama kumpa mtoto akimzaa. Chale. Wembe wa kuchangia. Watu wote wa nyumbani kwa Elieza wapimwe, wasio nacho wachanjwe.
Njiani Elieza alinishika mkono. Nisimwambie mtu. Ini likitajwa, kijiji kitasema alikuwa anakunywa kwa kujificha, na uzee wa kanisa basi. Nikaapa. Mjinga mimi.

Jumamosi, 14 Juni 2025
Hajamwambia hata mkewe. Anangoja wakati mzuri, anasema. Wakati mzuri upi — harusini?

Jumatatu, 16 Juni 2025
Benjamini, kaka yake Elieza, amefariki. Pikipiki na lori. Tumezika leo. Mtani nimefanya kazi yangu: nikaingia kaburini, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Babu yangu Mzaramo alikuja huku na misafara akabaki, na Wanyamwezi hawa ni watani wetu tangu zamani hizo. Wakacheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa.
Halafu nikamsikia dada yao, Bibi Martha, akipanga Alhamisi wanyoe nywele za matanga. Ukoo ule hunyolewa wote kwa wembe mmoja, kuanzia mwanamume mkubwa hadi kitoto cha mwisho. Na mkubwa sasa ni Elieza!

Jumatano, 18 Juni 2025
Nimempelekea Bibi Martha pakiti nzima ya nyembe. Kila mtu na wake. Kaigeuzageuza, kanirudishia.
"Sisi ni damu moja, mtani. Unataka kutugawa?"
Damu moja! Hiyo hiyo ndiyo ninayoiogopa, bibi wee.
Nikaomba basi Elieza anyolewe mwisho. Wakacheka. Nikasema waziwazi kuchangia wembe kunaleta homa ya ini. Wakazidi — mlevi leo kawa daktari wa maini! Apolinaria, mke wa Elieza, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Maisha yangu yote mzaha, siku nasema kweli nayo inachekwa. Nakereka!
Elieza alikuwepo. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Alhamisi, 19 Juni 2025
Nimeuiba wembe wao wa kunyolea. Umo kwenye kopo langu la ugoro, na mimi nimo ghalani kwao, nyuma ya magunia ya karanga. Wananitafuta kwa vicheko. Mtani anataka kuku! Wamemrusha mmoja mlangoni, ananipigia kelele hapa. Sitaki kuku!
Kwenye ufa naona uani. Vichwa vimeshalowekwa maji. Julieth, kajukuu ka Elieza, kamepakatwa na mama yake, kanachezea povu la sabuni.
Walimtuma mtu dukani. Karudi. Wembe mmoja.
Elieza kaitwa. Kakaa kwenye kigoda. Anatazama huku ghalani, anajua nimo. Kiapo naweza kukivunja sasa hivi, potelea mbali. Lakini nikitoka nikasema, watacheka. Wa kusema akaaminiwa ni mmoja tu, naye kichwa kimejaa povu.
Bibi Martha anafungua karatasi ya wembe. Kamshika kisogo.
Elieza kainua mkono. Kujikuna au kumzuia, sijui —
Midomo yake inacheza, huku sauti hainifikii. Vicheko vimekatika.
Bibi Martha kaushusha wembe. "Unasemaje, Elieza?"