Matangi Mawili ya Maposeni

Jumatatu, 6 Machi 1995
Umeme upo tangu asubuhi. Kompyuta ya wafadhili imewaka siku ya tatu mfululizo, sijui nani katuombea. Programu yake inafanya aljebra yenyewe, herufi kwa herufi, si kujumlisha tarakimu tu. Nimeiingizia milinganyo ya matangi mawili: maji yanatoka tangi la juu yanaingia la chini, dawa inapungua. Dakika moja, fomula nzima mstari mmoja. Mzee Komba, aliyenifundisha kazi hii ya maji kabla hajastaafu, aliipigia hesabu kurasa saba za daftari. Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 8 Machi
Matangi ya Maposeni yameoshwa, kuna kuhara kijijini. Klorini kali, dawa ya kuua vijidudu, imetiwa tangi la juu. Wanauliza bomba lifunguliwe lini. Nimeweka vipimo kwenye fomula. Jibu: Ijumaa asubuhi, dawa katika tangi la chini ni sifuri. Safi sana. Nimeandika karatasi, nikagonga muhuri, dereva kaondoka nayo.

Ijumaa, 10 Machi
Mama Ngonyani amelazwa. Ndiye mlinzi wa matangi yale. Desturi yake: kikombe cha kwanza anakunywa yeye, foleni ikimtazama, ndipo ndoo zijazwe. Dereva anasema Mama alinusa maji akakataa. Fundi wa bomba akamsomea karatasi yangu. Akanywa, chote. Koo limeungua, anatapika damu. Bomba likafungwa, ndoo zikarudi tupu.

Ofisini wanalaumu dawa, eti hizi za soko huria hazina wa kuzikagua. Karatasi yangu sijaitaja. Naogopa.

Jumamosi, 11 Machi
Nimeshinda na daftari la Mzee. Ukurasa wa tano, niliouruka: "Matangi yakilingana, usitumie fomula hii. Unagawa kwa sifuri. Anza upya." Ya Maposeni yanalingana, zege lake lilimwagwa kwa mbao zilezile. Vipimo vyangu vilipishana kidogo mno, huko mwisho wa desimali, kwa hiyo kompyuta haikugoma. Ikakata tarakimu za mwisho, ikatoa sifuri. Maji yaliyotiwa dawa Jumatano, Ijumaa sifuri kamili! Mtoto wa darasa la saba angeshtuka.

Nimekokotoa upya kwa mkono. Dawa ilikuwa bado nyingi sana.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya misa, kwa Mzee Komba. Nikatoa shikamoo, nikashindwa kukaa. Nimemweleza yote nimesimama. Bora angenifokea. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama mwenyewe anajua karatasi ni ya nani?"

Hajui.

Jumatatu, 13 Machi
Nimesema mbele ya wote ofisini. Dawa haina kosa, kompyuta imefanya nilichoiambia. Kosa ni langu. Hakuna aliyenitazama. Nimesimamishwa kazi. Aibu, lakini kifua kimepungua uzito.

Alhamisi, 16 Machi
Hospitali. Damu imekoma, sauti bado. Nimemwambia Mama Ngonyani kwamba karatasi ile niliiandika mimi, na kwamba kulikuwa na ukurasa sikuusoma. Akageukia ukutani. Nikakaa kwenye benchi, sikuwa na pa kwenda.

Mchana akanyoosha kidole kwenye jagi. Nikammiminia maji kikombeni. Akakishika kikombe, akakitazama ndani, akanirudishia.

Nikanywa kwanza mimi. Akasubiri kidogo, kisha akapokea.