Jeep ya kushuka na remorke

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Muheto tuko salama. Mama yako mudogo amezaa binti, na ile ngombe ya kahawia iko na mimba tena. Umeniuliza ni jeep gani itavuta remorke yako, lile tela la kulala, mpaka Walikale.

Nilipokuwa musichana, papa yangu alitafuta jeep ya kuvuta remorke ya fromaji, ni kusema jibini. Wauzaji walimuletea moja ndogo, nyepesi. Aliijaribu kwenye mulima wetu, remorke ikiwa nyuma. Ilipofika juu tulipiga makofi, akainunua.

Siku ya kushuka Kirotshe, remorke iliyojaa ikaanza kuisukuma jeep. Papa alikanyaga freni lakini tuliendelea kuteleza, mpaka akaigongesha makusudi kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara. Tulitoka wazima. Fromaji zilibingirika mpaka bondeni.

"Tulijaribu kupanda tu," papa akasema, akashuka kuziokota.

Kwa hiyo tafuta jeep nzito kuliko remorke, yenye freni nzuri. Umuambie muuzaji ashuke nayo mulima, remorke ikiwa imejaa, yeye mwenyewe kwenye usukani. Akikataa, hilo njo jibu lake.

Ni mimi koko wako, ambaye mpaka leo nikiwa ndani ya gari inayoshuka ninageuka kuangalia nyuma.