Shingo ya Yangeyange

Kisauni, Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu, na mimi nimewaka kulishinda.

Nimekasirika. Naandika hapa kwa sababu mchana kutwa sikupata pa kusemea. Nyumba ilijaa watu, nami nilikuwa nagawa kahawa na mahamri huku nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Leo ilikuwa hitima ya Baba, ya kutimiza mwaka tangu afariki. Tangu juzi Mama anasugua sakafu, anafukiza udi, anahamisha vitanda. Picha zangu nilikuwa nimezitundika ukumbini zikauke: yangeyange, yule ndege mweupe, amesimama kwa mguu mmoja kwenye matope ya mikokoni, kenge, komba, na kaa. Nilikusudia kuziondoa kabla wasomaji hawajafika. Nikaenda kuteka maji, niliporudi Mama alikuwa ameshanitangulia.

Hakuziondoa. Alizikata shingo.

Alichukua brashi yangu, akaichovya kwenye wino niliousaga mwenyewe asubuhi, akampitishia kila mnyama mstari mweusi shingoni. Kaa peke yake amenusurika.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekufanyia kheri, mwanangu. Malaika hawaingii nyumba yenye sura za viumbe. Kiumbe kikishakatwa kichwa si kiumbe tena, ni pambo tu."

"Ungalinambia, ningaliziondoa!"

"Ungaliziondoa ukazitia chini ya kitanda, ukalala juu yake. Nakujua mimi." Akachukua chetezo chake cha udi akaenda zake, na kutoka mlangoni akaongeza, "Hata huyo kaa ningalimkata, lakini sikuona pa kumkatia."

Wallahi nilitaka kupiga ukelele. Lakini mwalimu wa kwanza alikuwa ameshabisha hodi. Nikamfungulia, nikamwambia shikamoo. Alipopita ukumbini akazitazama picha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mashallah, akasema, nyumba imetengenezwa. Imetengenezwa!

Vifaa hivi aliniletea kaka yangu Athumani, karani wa bandarini anayekaa Chaani. Baharia wa Kijapani alimpa sanduku lenye brashi, kijiti cha wino, jiwe la kukisagia, bunda la karatasi laini na kitabu cha picha. Maandishi ya kitabu sijui hata yanaanzia juu au chini. Nimejifunza kwa kutazama tu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba ndege mweupe hachorwi. Unachora matope, unachora mdomo na jicho, na weupe wake ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa. Siku nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu jikoni, Mama akaniuliza kama nimepata homa.

Na wino huu haufutiki. Ukishagusa karatasi, umegusa.

Jumamosi ndiyo siku ya maonyesho ya picha kule mjini. Bibi wa Kizungu anayeyasimamia alitaka simba. Simba mimi nimwone wapi, Kisauni? Namjua yangeyange, ndiye anayekula nyuma ya nyumba yetu maji yakitoka. Baada ya kumbembeleza sana alimkubali ndege wangu huyo mmoja, tena kwa shingo upande. Hao wengine hakutaka hata kuwaona. Athumani atakuja kuichukua picha Jumamosi asubuhi. Nitampa nini? Ndege aliyechinjwa?

Barazani vijana wanazungumza uhuru, uhuru, karibu tu. Hongera zao. Mimi hata karatasi iliyoning'inia kwenye ukuta wa kwetu sina amri nayo. Mmoja anataka simba, mwingine anataka shingo.

Kinachonichoma hasa si maonyesho. Yule ndege nilimchora kwa ajili ya Baba. Kila asubuhi akienda shamba alisimama pale mikokoni kuwatazama yangeyange, jembe begani, hata achelewe. Mama alijua. Mama ndiye aliyekuwa akimcheka kwa hilo. Na akamkata ndege huyo siku ya hitima ya Baba, hata bila kumtazama vizuri. Hilo sijui nitamsamehe vipi. Leo sitaki kumsamehe.

Karatasi imebaki moja.

Wageni wameondoka, sinia zimeoshwa, nami nimekaa namtazama yule kaa, mzima, mpana, kwa sababu Mama hakuona pa kumkatia. Kisha nikafungua kitabu penye ndege weupe. Nimekiri jambo ambalo nilikuwa nalikwepa: wachoraji wa kitabu hiki hawamzungushii ndege mstari. Mimi yangeyange wangu nilimzungushia, mwembamba, kwa woga, watu wasije wakasema hayupo.

Basi kesho, watu wakienda sala ya Ijumaa, nitasaga wino mzito. Nitachora mdomo na jicho juu. Nitachora manyoya ya mgongo, mguu mmoja na matope chini. Hapo kati sitagusa. Kichwa huku, mwili kule. Kwa hukumu ya Mama mwenyewe kichwa kimeshatengwa, malaika waingie kwa raha zao. Na mwenye macho ataiona shingo yote, nyeupe, ndefu, imenyooka kama ile Baba aliyokuwa akiitazama.

Nitaitundika pale pale ukumbini mpaka Athumani aje kuichukua. Brashi nitaiacha mezani, na wino mbichi kando yake.

Mama aje. Nione atakata nini.