Kado Zisizoliwa

Jumatatu, 13 Januari
Asubuhi mashini ya kushona, kisha soko. Beseni la kado, zawadi ndogo za watoto wa wateja, lilibaki na puto tu, na puto hupasuka kabla mutoto hajafika kwao. Nilichagua polepole. Vibanio vya nywele, bangili za plastiki, penseli fupi za rangi. Gololi niliziacha, mudogo wa mwenye nazo atazimeza. Firimbi hapana. Inatoka mudomo huu inaingia mudomo ule.

Bombo, pipi za watoto, sinunui kamwe. Huku Makomeno mutoto akigonjwa, swali la kwanza ni alikula nini, na kwa nani. Mimi mujane, sikuzaa, ninaishi peke yangu. Ninajua swali hilo linaelekea mulango gani. Kwa hiyo natoa visivyoliwa. Mama akisimama nimupime kiuno, mutoto anapekua beseni, anatulia, hagusi mikasi. Hiyo ndiyo faida yake.

Na ninapenda kuona mukono wa mutoto ukishindwa kuchagua. Hilo sijamuambia mutu.

Jumamosi, 18 Januari
Maman Nadège, jirani yangu, alikuja kupimwa nguo ya kanisa. Alikuja na Gracia, binti yake wa miaka sita. Mutoto alipekua beseni mupaka chini kabisa, akatoka na bangili nyekundu. Kubwa. Ilimuteleza. Niliikunja, nikaizungushia uzi mweusi uliokuwa kwenye mashini, nikafunga fundo. Aliondoka ameinua mukono juu ili mutaa wote uione.

Siku nzuri.

Alhamisi, 23 Januari
Gracia ana homa. Muuza makala, yule wa makaa ya kupikia, ndiye aliyeniambia. Nadège hakuja kuchukua nguo. Nimeitundika.

Jumamosi, 25 Januari
Nimeipeleka mwenyewe. Nadège alifungua geti upana wa uso wake, basi. Nikauliza hali ya mutoto. "Iko tu." Nikauliza kama wameenda ku lopitali. "Tunaomba." Hakunitazama. Kutoka ndani nilisikia kilio chembamba, kama cha mutu aliyechoka kulia.

Nguo aliichukua kwa ncha za vidole.

Jumatatu, 27 Januari
Sasa najua. Muuza makala tena, huku anapanga makala yake kana kwamba anazungumza nayo. Gracia anasema ananiona usiku. Nasimama miguuni pa kitanda, nashika shuka, namuambia anyooshe mukono.

Ni homa. Najua ni homa. Mama yangu akiwa na homa aliona ng'ombe darini.

Lakini siku yote nimeshona vibaya. Siwaogopi watu. Namuogopa yule anayesimama pale na uso wangu.

Jumanne, 28 Januari
Nimeamka mukono umefungwa kwenye kitanda. Niliufunga mwenyewe, kwa kitambaa. Mwanamuke muzima, mukristu, najifunga ili nisiende kwa mutoto wa watu.

Nilitazama fundo. Halikulegea. Nikafurahi. Kisha nikapata haya kwamba nimefurahi.

Kioo cha wateja nimekifunika shuka. Muteja wa leo aliuliza sababu. Nimesema kimepasuka.

Jumatano, 29 Januari
Wamekuja. Nadège, na pasteur wa chumba chao cha maombi, kijana mupole, viatu safi. Gracia mugongoni pa mama yake. Midomo imepasuka. Pumzi fupi fupi. Bangili ingali mukononi, na uzi wangu.

Pasteur alisema, "Maman, hatukuja kugombana. Ulimufunga mutoto. Umufungule."

"Nilifunga bangili. Ilikuwa kubwa."

"Sema tu: ninamuachilia, ninachukua kitu yangu. Itatosha."

Nikamugeukia Nadège. Nikamuuliza kwa nini mutoto hayuko ku lopitali.

"Lopitali itafanya nini na mutu mwenye kufungwa?" Alikuwa analia. "Umufungule kwanza. Nakuomba, maman. Nakuomba tu."

Hakuwa mubaya. Hilo nataka kuliandika. Alikuwa mama anayeogopa.

Watu walikuwa wamejaa getini. Nilimutazama mutoto. Nikikataa, wataendelea kuomba, na huyu hatamaliza juma. Nikikubali, nimekwisha katika mutaa huu. Kufikiri kulikuwa kufupi kuliko ninavyoandika hapa.

"Nitasema," nikamuambia Nadège. "Lakini ukitoka hapa uende naye ku lopitali, njia moja. Usipite ku nyumba."

Alimutazama pasteur. Pasteur akasema, "Akisha kufunguliwa, anaweza kwenda."

Nikachukua mikasi. Nilipogusa mukono wake Gracia alifungua macho, akaona uso wangu, akalia kwa woga. Sauti haikuwa na nguvu. Lakini alilia, akajificha shingoni pa mama yake.

Nikakata uzi. Nikasema, kwa sauti, watu wote wasikie. Ninamuachilia. Ninachukua kitu yangu.

Pikipiki ikawabeba kuelekea lopitali. Pasteur alinishukuru. Alinishukuru kweli, kwa mikono miwili.

Jumatatu, 3 Februari
Malaria, ile kali. Walimutia damu na serum, maji ya mushipani. Amekaa kitandani, anaomba uji. Nimelia jikoni mupaka nikakaa chini.

Mutaa wote unafurahi. Jana pasteur alitoa ushuhuda, jina langu ndani. Eti mimi nilisema, mutoto akapona. Ushahidi gani wanautafuta tena?

Jumamosi, 15 Februari
Wateja wanatuma watu kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa. Asubuhi nimekuta vitu vimetupwa juu ya ukuta, ndani ya uwanja wangu: vibanio, penseli, bangili. Zile za mwaka jana pia. Sikujua walikuwa wanazitunza. Nimeziokota zote kabla ya mvua.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana. Wananisalimia vizuri kuliko zamani. Ndivyo wanavyomusalimia mulozi, mutu wa uchawi.

Na maneno yale. Niliyasema kwa ajili ya lopitali. Lakini niliyasema. Yamebaki humu ndani na sauti yangu. Nikikanyaga mashini yanakuja: kitu yangu, kitu yangu. Kuna saa najiuliza kama kweli nilikuwa na kitu cha kuchukua. Mutoto aliniona. Alimuona nani?

Nimemuuliza Mungu. Nimerudi ku mashini.

Jumapili, 23 Februari
Nimemuona Gracia nikitoka misani. Mashavu yamerudi. Anakimbia. Nadège alimushika, akamuvusha ng'ambo ya barabara, akamufunika uso kwa kitenge mupaka nikapita.

Nilitembea haraka ili asifunikwe muda mrefu.

Alhamisi, 27 Februari
Muteja. Wa kwanza juma hili. Ana matanga huko Sakania, nguo nyeusi anaitaka kesho, na mushonaji mwingine hakumupata. Alimuacha mutoto wake wa kiume njiani, mbele ya geti. Nilimusikia akimukataza kuingia, kukataza hata kuegemea ukuta.

Mvua ikaanza. Kupitia dirisha nilimuona mutoto amesimama, mikono ameikunja kichwani.

Nilipima haraka. Mabega, kifua, kiuno. Urefu sikuupima, niliukadiria kwa macho. Nikamuambia mama yake imetosha, aende.