Pasipoti kwenye ndoo ya mchele

Jeni, acha unachofanya usome.

Pasipoti nimeipata. Nachota mchele wa mchana, nikaikuta ndani ya ndoo, chini kabisa, imefungwa kwenye nailoni. Mama yangu mzazi ndiye kaificha!

Yaani Evaline na wenzangu wa saluni wako Dubai tangu juzi, zile siku nne za Idi tulizopanga mwaka mzima. Mimi niko Misunkumilo.

Wiki tatu mama katafuta na mimi. Kapindua mpaka magodoro! Kila jioni tunapiga magoti wote, tunamwomba Mtakatifu Antoni, yule wa vitu vilivyopotea.

Nikamuuliza, "Mama, ni wewe?"
Hata hakukataa. "Binti wa Zablon alienda Uarabuni kufanya kazi, mpaka leo hajarudi."
"Lakini mimi naenda kutembea siku nne tu!"
"Na yeye aliaga anaenda miaka miwili tu."

Nikasema, "Sasa zile sala zetu, mama?"
Jeni, kanijibu hivi: "Mwenzio nilikuwa naomba usiione."
USIIONE. Kanishika mkono kabisa, anaomba nisiione!

Sasa hivi ananiita nikale. Nitamtazamaje usoni?