Maji ya Ubatizo

Mjukuu wangu Mwende,

Salamu kutoka Kalamba. Nyanya yako amepona kikohozi, lakini ndengu zimekauka zikiwa bado na maua. Umeniuliza, "Umau, nijiunge na chuo cha ukasisi?" Nitakusimulia jambo moja tu.

Nilipokuwa kasisi mdogo, wakati wa ukame, mama mmoja alileta mtoto abatizwe. Maji alikuja nayo mwenyewe, ameyachimba kwenye mchanga wa mto tangu alfajiri. Tulipomaliza, akaomba arudi nayo nyumbani akapikie watoto. Kasisi mkubwa wangu akasema maji yaliyobarikiwa hayapikiwi ugali, akayamwaga nje ya mlango, kama tulivyofundishwa. Mbuzi wakaja kulamba udongo. Mama aliwatazama, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Hakurudi tena kanisani.

"Huyo hakuwa na imani," mkubwa wangu alisema. Nimezeeka, na neno hilo bado linanichoma. Mtu aliyeacha watoto na kiu nyumbani, akamletea Mungu maji kwanza, ndiye aliyeitwa asiye na imani.

Nenda chuoni ukitaka, sitakuzuia. Namna ya kuyamwaga watakufundisha vizuri sana.

Mimi umau wako.