Chora Kwanza, Kaza Baadaye

Bweni la wanafunzi, kiwandani
2 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Habari za hapo nyumbani, na macho yako yanaendeleaje? Mimi sijambo, ila miguu tu. Tunasimama saa nane bila kukaa, jioni viatu havitaki kutoka. Nakuandikia kwa sababu ile simu ya duka la dawa nusu ya mtaa husikiliza na nusu nyingine husimuliwa.

Wamenipanga kituo cha saba. Magari yanakuja juu ya mkanda mrefu wa chuma, polepole, na kila gari liko mbele yangu kwa dakika sita. Kazi yangu ni boliti nne zinazoshika breki za mbele, mbili kushoto na mbili kulia. Kuna spana maalumu: boliti ikikazwa inavyotakiwa, spana inalia tak! Hapo unaweka spana chini, unashika kalamu ya rangi ya manjano, unachora mstari mdogo juu ya kichwa cha boliti. Mstari ule maana yake boliti imekazwa, hakuna maswali. Kituo cha nane yuko mkaguzi, mzee mmoja ambaye wote wanamwita Mzee Muhuri. Anamulika tochi, anahesabu mistari minne, anagonga muhuri kwenye kadi ya gari. Ni mwaka wa ishirini na sita anagonga. Kituo cha tisa wanavalisha magurudumu.

Shida yangu ni kwamba mimi ni mzito. Spana chini, kalamu juu, kalamu chini, spana juu. Kabla sijamaliza ya nne gari limeondoka, nalifuata nimechuchumaa kama bata. Jana msimamizi kaniambia mbele za watu, "Mhandisi, gari si karatasi ya mtihani, halikusubiri." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini mama, unajua hali yangu. Mwaka jana niliugua nikayakosa mafunzo haya, na chuo kimesema hakuna mara ya tatu. Nisipofaulu sasa, miaka minne imekwenda na maji. Niombee.

Mwanao.


Nyumbani
11 Machi

Kwa mwanangu mhandisi,

Marahaba mwanangu. Huku sote wazima, tunashukuru. Macho ndiyo hayo hayo. Jirani ananitungia uzi sindano kumi kila asubuhi kabla hajaenda kazini kwake; zikiisha, nimefunga duka hata kama jua liko utosini. Anasema ujira wake ni kualikwa siku mhandisi akipata cheti.

Lakini wewe nawe, umesahau kwenu? Ulipokuwa na miaka tisa nilikufundisha nini? Suruali sita zimelala mezani, hushiki chaki, ukashika mkasi, ukarudi kwenye chaki kama mtu aliyesahau ufunguo. Unachora zote. Chora kwanza, ndipo ukate, ndipo ushone. Mkono ukishika kitu kimoja unazoea, ukiubadilishiabadilishia unakuasi. Basi chora mistari yako minne, chomeka kalamu sikioni, halafu kaza zote mfululizo. Huyo msimamizi atatafuta la kusema alikose.

Mahali pa cheti nimeshapachagua. Ni juu ya cherehani, pale penye msumari wa kalenda. Siku utakayoanza kazi mimi naweka sindano chini, na jirani alale mpaka aamke mwenyewe.

Mama yako.


Bweni
20 Machi

Mama,

Shikamoo! Mhandisi ni wewe, mimi ni mwanafunzi tu. Nimefanya kama ulivyosema na sasa namaliza kwa dakika nne, mbili zinabaki za kunyoosha mgongo. Msimamizi hanitazami tena, na hapa kutotazamwa ndiyo sifa. Utaratibu wa kiwanda hauruhusu kuchora kabla, lakini mgongo wangu uko upande wao na hakuna aliyeona.

Mzee Muhuri aliniuliza, "Mkono mwepesi hivi, fundi gani kakufundisha?" Nikamwambia mama yangu, fundi cherehani. Alicheka mpaka tochi ikacheza mkononi. Sasa tukipumzika ananimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, yeye anakunywa kwenye kikombe chenye ufa. Ananiita binti yangu. Mwambie jirani aanze kufikiria atavaa nini.

Mwanao.


Bweni
8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe sikuulizi hali. Barua hii usiisome mbele ya mtu.

Jumanne kengele ya moto ililia. Lilikuwa zoezi tu, lakini sheria ni kuacha kila kitu na kutoka mbio. Nilikuwa nimeshachora mistari yote minne. Kushoto nilikaza, tak, tak, nina hakika. Kulia nakumbuka nilizungusha boliti kwa vidole, na baada ya hapo nakumbuka niko uani kwenye jua. Niliporudi, nyuma ya wengine wote, mkanda ulikuwa umeshasogea, na mbele yangu lilikuwapo gari jingine. Nilikimbilia kituo cha nane. Mzee Muhuri alikuwa ameshahesabu mistari na kugonga. Nikatazama kituo cha tisa, gurudumu lilikuwa linavalishwa. Nikarudi kituo cha saba, mama, nikashika spana.

Magari ya saa ile yote yalikuwa meupe, kumi na moja mfululizo, na sasa yamepangwa uani yakisubiri majaribio ya mwisho wa mwezi. Lipi ni lipi sijui tena. Nikisema, itabidi yote kumi na moja yavuliwe magurudumu, na swali la kwanza litakuwa: mstari ulifikaje pale kabla ya spana? Hilo peke yake linatosha kunifukuza. Mwalimu wa chuo anakuja kunipa alama wiki hiyo hiyo ya majaribio.

Silali, sili. Kila nikipita uani nayaona yamenigeuzia taa. Niseme au ninyamaze? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mwanao.


Nyumbani
16 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nyamaza.

Huna hakika, na mtu hajichimbii kaburi kwa jambo asilo na hakika nalo. Pengine ulikaza. Mkono wako naujua mimi niliyeulea, hauachi kitu nusu. Pengine watakaojaribu wataona wenyewe, ndiyo kazi yao. Wewe pata alama zako, utoke hapo. Mimi jana nimeshona mkono wa shati ukaangalia nyuma, mteja akanirudishia bila kusema neno, na kule kutosema ndiko kumeniumiza. Sina miaka minne mingine ya kukusomesha, mwanangu. Sina hata miwili.

Barua hii ichome.

Mama yako.


Nyumbani
29 Aprili

Mwanangu,

Kama ile ya kunyamaza imekufikia, usinisikilize. Nisikilize hii.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Kabla hujazaliwa nilikuwa mgeni mtaani hapa, na mteja wangu wa kwanza aliniletea kitambaa cha gauni la kichanga wake. Niliingiza pini kumi na mbili. Alipokwisha kuondoka na gauni, nikahesabu kopo: kumi na moja. Nikajiambia, pengine nilihesabu vibaya. Siku tatu, kila mtoto aliyelia mtaani nilisema ni yule. Siku ya nne nilikwenda. Pini ilikuwa kwenye pindo, na mtoto alikuwa na mchirizi wa damu iliyokauka pajani, mama yake amemaliza siku tatu akimpaka mafuta ya upele. Kovu lile liko mpaka leo. Nilichelewa kwa sababu ya neno moja, pengine, na neno hilo hilo ndilo nililokupa wewe.

Mficha uchi hazai. Nenda kaseme, hata kama mwalimu amekaa hapo na kalamu yake. Na waambie kuchora kwanza ulifundishwa na mama yako, kwa hiyo kosa waligawe.

Mama yako.


Bweni
2 Mei

Mama,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna cheti. Nimefaulu kwa alama za juu. Sasa soma mengine.

Tarehe ishirini na saba dereva wa majaribio alilitoa gari la sita uani. Raundi mbili alizunguka salama. Ya tatu alikanyaga breki kwenye kona, gari likavutwa upande mmoja, likaenda kwenye ukuta wa ghala. Amevunjika miguu yote miwili. Boliti waliiokota barabarani, ina rangi ya manjano kichwani.

Walituita mimi na Mzee Muhuri mbele ya meneja, na kadi ya gari, na muhuri wake juu yake. Akasema, "Niliona mistari minne. Mstari ukiwapo, boliti imekazwa." Kisha akanigeukia mimi.

"Binti yangu, ulikaza?"

Nikasema, "Nilikaza, mzee."

Alinitazama kidogo. Halafu akasema, "Basi ni macho yangu." Akaamini hivyo, mama! Akavua kitambulisho shingoni, akauweka muhuri mezani, akaomba radhi kwa meneja. Wamemfukuza siku hiyo hiyo. Kikombe chake chenye ufa kimebaki kwenye kabati, kila mtu anakipita kama hakioni.

Siku tatu baadaye mwalimu alinipa mkono, akaniambia nimejaliwa utulivu. Barua yako niliichoma kama ulivyoagiza. Nimeshaikariri lakini.

Mwanao.


Nyumbani
11 Mei

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Hiyo ya tarehe ishirini na tisa sasa umeshaisoma, na imekufikia kama mvua juu ya shamba lililoungua.

Sitakudanganya: cheti nilikitundika. Kabla sijasoma barua nilikitoa kwenye bahasha, nikapanda kigoda, nikakitundika kwenye msumari wa kalenda na kumwita jirani. Akapiga vigelegele. Alipoondoka nikaketi kwenye cherehani nikitazame. Herufi sizioni kutoka pale. Naona muhuri mwekundu tu. Ndipo nikaisoma barua yako, nikainua macho, na muhuri bado ulikuwa pale.

Nimekishusha. Nimekitia humu, kirudishe kwa wenyewe. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimechelea wewe kulia, na sasa wanalia watu nisiowajua. Kata pua uunge wajihi. Mwendee kwanza yule mzee, umwambie uso kwa uso kwamba macho yake ni mazima. Mtu asiachwe akiamini hivyo, na hili nakuambia mimi ninayejua macho yakifa inakuwaje.

Mama yako.


Nyumbani
20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni ya tatu kuanzia ile yenye cheti, na kutoka kwako hakuna hata mstari. Nimepiga simu bwenini kutoka duka la dawa, nusu ya mtaa ikinisikiliza, na wasikilize. Wamesema umehama, hawajui wapi. Hii naituma kwa anwani ya kiwanda, pengine. Tazama, nimelitumia tena neno lile.

Jirani anauliza kila asubuhi mhandisi wake hajambo. Nasema hajambo.

Kama umesema, niandikie. Kama hukusema, niandikie pia. Nilikuzaa kabla hujawa mhandisi.

Mama yako.


1 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua zako mbili za mwisho nimepewa leo na mlinzi wa geti, nimezisoma nimeegemea ukuta.

Kiwanda kilikuwa kimeniajiri, nikahama bweni, na bahasha yenye cheti nilikaa nayo wiki tatu. Nilikuwa naibeba kazini na kuirudisha. Kisha siku moja nikakishika kile kikombe chenye ufa, nikakifunga kwenye gazeti, nikakipeleka kwake.

Nilimkuta dirishani na gazeti, analisogeza mbali, analisogeza karibu. Amevaa miwani. Alinunua miwani, mama, kwa ajili ya boliti yangu. Akafurahi kuniona, akasema, "Binti yangu, nikikuona wewe hata sihitaji hii." Nikamwambia macho yako ni mazima, mzee. Nikamweleza kengele, na mistari, na jibu nililompa mbele ya meneja. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakunitukana. Natamani angenitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza mara moja. Ningekuuliza mara ya pili ungesema?" Nikamfungulia kikombe chake, nikakiweka mbele yake.

Kesho yake tulikwenda ofisini pamoja. Cheti wamekichukua, na chuo kimefuta jina langu. Msimamizi ameniambia kwa upole kabisa kwamba hakuna kiwanda cha magari kitakachonichukua, na naona anasema kweli. Kosa la kuchora kwanza sikuwaambia ni lako. Mzee Muhuri wamemwita arudi na amekataa; anasema mstari akiuona sasa hauamini, na mkaguzi asiyeamini mstari hana kazi pale. Dereva nilikwenda kumwona hospitali. Nilipomaliza kusema aligeukia ukutani, nikasimama pale mpaka muuguzi akaniomba nitoke.

Naondoka Alhamisi. Sina cha kukuletea. Msumari rudishia kalenda, na jirani mwambie ukweli wote, kisha mwambie alale mpaka aamke mwenyewe. Sindano zako nitazitunga mimi.

Mwanao.